Gari la Baba lilipogoma kukata kulia

Mwezi huu sina barua ya msomaji wala kisa cha rafiki yangu wa karibu. Nina kucha tatu zilizovunjika, grisi nyeusi iliyogoma kutoka kwenye mistari ya viganja, na kisa cha nyumbani kwetu Kigoma ambacho nilikifikiria sana kabla ya kukiandika. Nimemwomba Baba ruhusa. Alicheka, akasema, "Andika, lakini jina langu usiliweke, na la kwake usiliweke kabisa." Basi sitamtaja mtu.

Kilichonipeleka Kigoma haikuwa likizo. Nilitumwa. Kwetu tumezaliwa wanne, na kama familia nyingi siku hizi tuna kikundi chetu cha WhatsApp, ambacho Baba hayumo. (Hapo tu ungeshajua kuna jambo.) Baba ana miaka 71, ni mstaafu wa reli, na amekuwa akiishi peke yake pale Mwanga tangu Mama atutoke miaka mitano iliyopita. Peke yake, yeye na Toyota Carina Ti yake, namba A. Kwa wasomaji wetu wa nje ya Tanzania, namba zetu za magari huanza na T, kisha tarakimu tatu, kisha herufi tatu, na ile herufi ya kwanza kati ya hizo tatu watu huisoma kama unavyosoma mikunjo usoni kwa mtu. Ukiwa na namba A, hata mtoto wa jirani anajua gari lako limekula chumvi.

Kaka yetu mkubwa ndiye aliyeanza. Aliandika kwamba jirani kamwambia gari la mzee linagonga vibaya, linasikika kutoka mbali, na kwamba mtu wa umri ule haifai aendeshe jioni. Tukaandika ndiyo, ndiyo, kweli. Gari liuzwe, Baba awe anapanda bajaji, tutamchangia. Usiku huohuo dada yangu akanipigia pembeni. "Hivi unajua hilo gari linaenda wapi kila jioni?" Sikujua. "Ujiji. Kuna mama huko. Gari likiuzwa, habari yote imekwisha."

Nikakubali kwenda. Hapo ndipo aibu yangu ilipo. Kwenye ukurasa huuhuu niliwahi kumjibu mama mmoja mjane ambaye watoto wake walikuwa wanamkatalia kuolewa tena, nikaandika kwa ukali kabisa kwamba moyo wake si mali ya urithi. Mlinipongeza sana kwa jibu lile. Jamani, ni rahisi sana mzee anayependa akiwa mzazi wa mtu mwingine.

Baba alikuja kunipokea stendi. "Shikamoo Baba." "Marahaba mama, karibu nyumbani, umekonda." Tukaweka begi nyuma. Kwenye kiti cha mbele, upande wa abiria, kulikuwa na kanga imekunjwa vizuri. Baba akaichukua bila neno, akaiweka nyuma ya kiti chake, mimi nikajifanya natafuta simu.

Tulipofika njia panda ya kukata kulia kwenda nyumbani, Baba akapitiliza. Nikasema labda anapitia dukani. Akaenda mbele, akakata kushoto, kisha kushoto tena, kisha kushoto tena, tukatokea palepale njia panda kwa upande mwingine, tukavuka moja kwa moja. "Baba, mbona tumezunguka?" "Huku barabara nzuri." Barabara yenyewe ilikuwa na mashimo ya kufugia bata! Lakini mbele ya geti letu hakuna ujanja, lazima ukate kulia tena ukunje usukani mpaka mwisho. Baba akanyoosha mkono kwanza akaongeza sauti ya redio. Ndipo akakunja. Na chini ya miguu yangu, juu ya muziki wote ule, nikasikia: ka-ka-ka-ka-ka.

Kumbe mzee alikuwa na miezi minne anaendesha gari lisilokata kulia. Alikuwa ameuchora mji mzima upya kichwani, sokoni kwa kuzunguka huku, kanisani kwa kuzunguka kule. Yaani sikujua nicheke au nilie.

Sasa naomba univumilie kidogo, kwa sababu hili na wewe linakuhusu kama unaendesha hizi gari zetu ndogo za Japani. Nyingi zinavutwa na magurudumu ya mbele. Gurudumu la mbele lina kazi mbili kwa wakati mmoja: kuvuta gari, na kukata kona, huku likipanda na kushuka kwenye mashimo. Nguvu inatoka kwenye giaboksi inapita kwenye chuma kinaitwa shafti hadi kwenye gurudumu, na chuma hakipindi. Kwa hiyo kila mwisho wa shafti kuna kiungo, kama goti. Mafundi wetu wanakiita sivi jointi. Kile cha nje, karibu na gurudumu, kwa kawaida kina gololi sita za chuma ndani ya kizimba, zinatembea kwenye mifereji, hivyo gurudumu linazunguka kwa mwendo uleule hata ukiwa umekunja usukani. Kazi hiyo alianza kuifanya mhandisi mmoja wa Marekani, Alfred Rzeppa, miaka ya 1920, na gari dogo la Kiingereza liitwalo Mini, la mwaka 1959, likasaidia sana kueneza mtindo huo wa kuvuta kwa mbele.

Kiungo hicho kinafunikwa na mpira mweusi wenye mikunjo kama ya kodiani. Mafundi wanauita buti. Ndani yake kuna grisi. Mpira huu ndio wa bei rahisi kuliko vyote na ndio unaoanza kufa. Unapasuka kwenye mkunjo mmoja tu, pengine usione kwa miezi, na gurudumu kila likizunguka linarusha grisi nje. Grisi ikitoka, mchanga unaingia, na Kigoma mchanga na vumbi jekundu hatununui. Gololi zinaanza kula mifereji yake. Ukienda moja kwa moja husikii kitu. Ukikata kona kali, ndipo gololi zinapogonga kwenye zile sehemu zilizolika, na kwa kawaida kinacholia ni kiungo cha upande ulio nje ya kona. La Baba lilikuwa linalia akikata kulia, basi mgonjwa alikuwa wa kushoto, upande wa abiria.

Chini ya kile kiti cha kanga, kama unafuatilia.

Nilipochungulia nyuma ya gurudumu nikaona rimu kwa ndani imepakwa grisi yote, nyeusi, imeshikana na vumbi kama ugoro. "Baba, hili buti limepasuka lini?" Akajibu, "Nililiona mapema. Nikasema nitalibadilisha." Buti peke yake pale mjini tuliambiwa shilingi elfu kumi na tano. Kiungo kizima, ukiwa na bahati, elfu sitini. Akanyamaza kidogo, akaongeza, "Ilikuwa kila jioni nikitaka kulifungua, jioni inafika, naondoka."

Fundi wa mtaani, kijana mstaarabu, alishauri tutafute shafti nzima ya mtumba, tutoe hii tuchomeke ile, saa mbili kazi imekwisha. Kwa haki kabisa, kwa watu wengi huo ni ushauri mzuri, na kama huna vifaa mimi nakushauri hivyohivyo. Baba alikataa. Alisema shafti ya mtumba nayo imekaa kwenye gari la mtu miaka ishirini, buti zake zimekaukia stoo, unanunua ugonjwa wa jirani. Anataka kiungo kipya, buti jipya, na atafunga mwenyewe. Nikamwangalia mikono. Ni mikono ya reli ile. Nikasema basi, na mimi nitasaidia. Moyoni nilijiambia tukiwa chini ya gari nitapata nafasi ya kusema nilichotumwa.

Kiungo cha kwanza tulichouziwa mjini hakikuwa chenyewe. Baba alikwenda na kalamu na karatasi, akahesabu meno ya ndani na ya nje, akapima mdomo wa kukalia sili, muuzaji akamwona msumbufu. Meno yalikuwa sawa, tukafurahi, kufika nyumbani tukaona kina pete ya meno ya breki za ABS na gari letu halina mfumo huo. Tukarudisha. Mwishowe nikampigia mume wangu Dar aende Kariakoo. "Mwambie mkwe wangu ahesabu meno kabla ya kulipa," Baba alikuwa ananisemea sikioni, "na asikubali kuambiwa zinaingiliana." Maskini mume wangu, mhasibu wa watu, alisimama dukani anahesabu meno ya chuma huku ananitumia picha moja baada ya nyingine. Mzigo ukapandishwa basi. Kwa reli kutoka Dar hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200, na kwa basi si karibu pia, hivyo tulingoja.

Na siku zile za kungoja Baba hakwenda Ujiji. Jioni ikifika alikuwa anakaa barazani na redio. Mara mbili nilimwona anatoka hadi getini, anasimama, anarudi. Sikumwambia kitu. Kaka alikuwa ananiandikia, "Umeshamwambia?" Namjibu, "Bado, natafuta wakati."

Jumamosi asubuhi tukaanza, chini ya mwembe. Kabla ya kuinua gari, Baba aliniambia nikae ndani nikanyage breki kwa nguvu zote, yeye akafungua nati kubwa ya katikati ya gurudumu. Ile nati ina pini ya kukunja, unaitoa kwanza, kisha unaweka spana, na kwenye spana unachomeka bomba refu ili upate nguvu. Ukisubiri mpaka gurudumu liko hewani umechelewa, litazunguka tu. Nati ililia kama mtu anang'olewa jino. Kisha tukalegeza nati za gurudumu, tukaweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, tukapiga jeki, na chini ya chasisi Baba akapanga vipande vizito vya mataruma ya zamani. "Jeki ni ya kuinulia," akasema, "hakuna mtu atakayeingiza hata mkono chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake." Akalisukuma gari kwa bega kuona kama linacheza. Halikucheza.

Gurudumu likatoka. Tukafungua tairodi, tukafungua zile nati na bolti zinazoshika bol-jointi na mkono wa chini, habu nzima ikaachia ikawa inaning'inia, na mimi kazi yangu ikawa kuishikilia isivute mpira wa breki. Baba akairudisha ile nati kubwa mpaka ikalingana na ncha ya shafti, akaweka kipande cha mbao, akapiga na nyundo. Nati inarudishwa ili nyundo isiharibu uzi wa shafti, hilo nililiuliza. Baada ya mapigo manne shafti ikarudi nyuma, tukaitoa kwenye habu. Kwenye giaboksi tukatanguliza karai, Baba akaingiza mtaimbo mdogo, akapekua, shafti ikachomoka na oili nyekundu ikafuata. Tukaikinga. Mpaka hapo ilikuwa saa nne asubuhi, na mimi nilikuwa na mafuta hadi kwenye nyusi.

Jirani mmoja alisimama juu ya ukuta kutupa ushauri, kama ilivyo desturi yetu. Eti siku hizi grisi ghali, tungepaka mawese. Kigoma tunatia mawese kwenye kila kitu, lakini jamani! Baba alimjibu kwa upole kwamba mawese yake ayawekee migebuka. Kisha, akiwa anakata zile bendi za buti la zamani kwa tindo, akaanza kunieleza habari ya Liemba, ambayo nimeisikia tangu nikiwa mdogo na kila mara anaieleza kana kwamba alikuwepo.

Meli ile Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande wakavileta kwa masanduku, kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi hapa Kigoma, wakaiunga na kuishusha ziwani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka 1916 walipoona wanakimbia, hawakutaka Waingereza waipate, wakaizamisha wenyewe. Lakini mafundi kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo grisi nzito, kila mahali. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua kutoka chini ya Ziwa Tanganyika. Miaka minane tangu izamishwe, na mitambo ikafaa kutengenezwa. Mwaka 1927 ikaanza safari tena, inaitwa Liemba. "Yule fundi aliyepaka ile grisi," Baba akasema, "alikuwa anaiaga meli, lakini hakuichukia."

Akanyamaza. Akabana shafti kwenye jiliwa lake. Akaniuliza bila kuniangalia, "Wamekutuma uje kuuza gari, au wamekutuma uje kuniuliza habari ya Ujiji?"

Msomaji, nilikuwa na mdomo umejaa sentensi nilizozipanga tangu Dodoma. Zote zikapotea. Nikasema, "Vyote viwili, Baba."

"Afadhali umesema." Akachukua nyundo na kipande cha shaba, akaweka kwenye moyo wa kile kiungo cha zamani, akapiga. Kiungo hakikutoka. Akapiga tena. Viungo hivi vinashikwa na klipu ndogo ya waya ndani, kuna vinavyotoka kwa pigo moja na kuna visivyotoka kabisa mpaka ukate. Cha kwetu kilitoka kwa pigo la sita. Tukakiosha na petroli, akanionyesha mifereji. Pale gololi zinapolala kulikuwa na vishimo, ukipitisha ukucha unanasa. Ndizo zile ka-ka-ka.

"Ni rafiki wa mama yako," akasema. "Mwalimu mstaafu. Mama yako alipokuwa kitandani yeye ndiye alikuwa analeta uji wa asubuhi, nyinyi mkiwa makazini kwenu. Siwalaumu, kazi ni kazi. Mume wake alishafariki zamani. Tunakaa barazani, tunakunywa chai, tunamzungumza mama yako, tunazungumza mengine. Saa mbili narudi." Alikuwa anafuta shafti kwa tambara, anafuta mahali palipokwisha kuwa safi. "Wewe umewahi kupika ugali wa mtu mmoja? Huwezi kuukadiria. Ama hautoshi ama unabaki. Miaka mitano mimi nakula kiporo."

Hapo ningenyamaza. Badala yake nikauliza swali ambalo si langu, ni la kaka, lakini mdomo ulikuwa wangu. Nikasema, "Na nyumba ya Mama, je?"

Baba hakunijibu. Uso wake ulifunga. Akachukua kiungo kipya, akakijaza grisi ile nyeusi iliyokuja kwenye kifuko, ndiyo yake, usichanganye na ya beringi. Akakielekeza kwenye meno ya shafti, akapiga pigo moja la hasira, klipu ikaingia: tak. Sauti tamu sana, maana yake kimekaa. Tukakivuta wote wawili kuhakikisha, hakikutoka. Nilikuwa natazama chini, nataka kulia, na nilipoinua macho nikaona kitu kwenye kigoda.

"Baba," nikasema. "Buti."

Buti jipya, zuri, jeusi, lilikuwa limekaa kwenye kigoda pamoja na bendi zake mbili. Kwa mliowahi kufanya kazi hii mmeshacheka. Buti linavishwa kwenye shafti kwanza, ndipo kiungo kinafuata. Kiungo kikishaingia, buti halipiti popote. Miaka yote ya karakana ya reli, na binti mwenye shahada, na buti liko kwenye kigoda!

Baba aliangalia buti, akaangalia shafti, akaniangalia mimi. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye taruma, mimi nikacheka mpaka jirani akarudi juu ya ukuta kuuliza kuna nini. Tukarudi kwenye jiliwa tukakipiga tena kiungo kipya kitoke, pole pole, Baba anakiomba radhi. Klipu ilipinda, bahati ya pili ilikuwemo kwenye pakiti. Safari hii: bendi ndogo, buti, ndipo kiungo. Grisi yote iliyobaki ikaingia ndani ya buti, mdomo wa buti ukakaa kwenye mfereji wake, tukakaza bendi kubwa halafu ndogo, na kabla ya kukaza ile ndogo Baba akainua kidogo ukingo wa buti kwa bisibisi butu, hewa iliyonaswa ikatoka.

Ndipo akanijibu, akiwa anafuta mikono. "Sijaoa. Siku nikitaka kuoa nitawaita wote wanne, mtakuja mtakaa hapa chini ya mwembe, na mtaniambia hayo ya nyumba mbele yangu. Kwenye simu zenu hukohuko sipo." Kumbe anajua hadi kikundi. "Na kuhusu macho yangu, kaka yako ana haki. Jioni taa za pikipiki zinanisumbua. Nitakwenda kupimwa. Hilo lingesemwa hivyo, ningeitikia siku ya kwanza."

Na mimi nikamwambia yangu, kwamba kuhusu lile gari pia kaka alikuwa na haki kuliko alivyojua. Kiungo kile kingefikia kuvunjika, gari linabaki linanguruma bila kwenda, na kwenye gari la gia za kujiendesha kama hili, shafti ikikatika hata ukiweka P gari halishiki, linaondoka lenyewe kama umeegesha mteremkoni. Kigoma ni mji wa vilima. Kutoka stesheni kwenda Mwanga ni kupanda tu. Ingebaki breki ya mkono peke yake. Baba akatikisa kichwa akasema, "Hiyo niliifikiria usiku mwingi." Miezi minne anajua, na bado alikwenda.

Kufunga kulikuwa kinyume cha kufungua, isipokuwa taratibu zaidi. Shafti ilichomekwa kwenye giaboksi kwa mkono, polepole, isikate sili ya oili, mpaka tukasikia imeingia na ukiivuta hairudi. Kisha habu, bol-jointi, tairodi, na ile nati kubwa ikakazwa ya mwisho gari likiwa chini na mimi nimekanyaga breki tena, bomba refu, Baba analia "mmmh!" Pini mpya ya kukunja, ya zamani hairudi. Tukaongeza oili ya gia ya aina ileile tukapima kwa kijiti injini ikiwa inanguruma na imepata moto. Tukamaliza saa tisa na nusu alasiri, tumekula mihogo na dagaa kwa mikono isiyotakata.

Kujaribu tulikwenda kwenye uwanja mtupu. Baba akakunja usukani kulia mpaka mwisho, redio akaizima, akaenda mwendo wa mguu, mzunguko mmoja, miwili, mitatu. Nilitoa kichwa dirishani kusikiliza. Nilisikia matairi kwenye mchanga, na kunguru. Kushoto vilevile.

"Ni saa ngapi?" akauliza.

"Kumi na moja kasoro."

Akaniangalia. Nikasema, "Twende Baba. Lakini kuendesha kurudi ni mimi, kutakuwa giza." Akakubali bila ubishi, jambo ambalo wanaomjua wanajua si dogo.

Ujiji tuliingia kwa njia ya kawaida, kukata kulia palipo pa kukata kulia. Alikuwa mbele ya nyumba yake anamwagilia maua kwenye makopo, mama mmoja mfupi, miwani imefungwa kamba shingoni. Alisikiliza gari kabla ya kututazama, nilimwona. Baba akashuka. Mama yule akamwambia, "Leo umekuja kimya." Kisha akaniona upande wa pili, akaacha kopo la maji, akajifuta mikono. Nikashuka nikampa kanga yake, nikamwamkia. "Marahaba mwanangu," akasema, "una mikono ya mama yako." Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Alinipa ndoo na sabuni ya mawese kunawa, grisi haikutoka.

Chai ilikuwa ya tangawizi. Katikati ya chai simu yangu ikatetemeka, kaka kwenye kikundi: "Vipi, kuna mteja wa gari?" Dada naye: "???"

Nikaandika: "Gari haliuzwi. Tumefunga sivi jointi mpya na buti. Baba anakwenda kupima macho wiki ijayo, tuchange. Mengine atawaambia mwenyewe, namwingiza kwenye kikundi sasa hivi."

Nikamwingiza. Simu ikaanza kuita kabla sijaiweka mezani.